Redio ya Reli na Kitufe Chekundu cha Dereva

Usiku wa tarehe 3 Mei 1962, karibu na stesheni ya Mikawashima jijini Tokyo, treni ya mizigo ilipita ishara nyekundu ikaacha njia, na treni ya abiria ikaja kuigonga. Abiria walifungua milango wakashuka, wakawa wanatembea kwenye njia ya pili wakitafuta usalama. Zilipita dakika zipatazo saba, na katika muda wote huo dereva wa treni iliyokuwa inakuja kwa njia hiyo ya pili hakufikiwa na taarifa. Walikufa watu 160.

Dakika hizo saba zinatosha kueleza kwa nini reli inahitaji redio yake yenyewe. Treni iliyo katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa hukata mita 44 hivi kila sekunde, na kwa uzito wake haisimami upesi kama gari. Dereva akingoja kuiona hatari kwa macho, mara nyingi ameshachelewa.

Mfumo ulioenea zaidi leo ni GSM-R, ndugu wa mtandao wa simu za mkononi, ila umetengwa kwa ajili ya reli peke yake. Reli ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imejengwa kwa mfumo huo. Tuseme dereva ameona tuta limeliwa na maji ya mvua: hubonyeza kitufe chekundu kilicho mbele yake, bila kutafuta namba ya mtu yeyote, na wito huo, unaotambulika mtandaoni kwa namba 299, huwafikia ndani ya sekunde chache madereva wote walio katika eneo lile pamoja na mwongoza treni katika kituo cha udhibiti. Mazungumzo mengine hukatwa ili kuupisha.

Redio hiyo hiyo hubeba data. Katika ETCS ngazi ya 2, yaani mfumo wa Ulaya wa kudhibiti mwendo wa treni, kompyuta ya kituo huitumia treni ruhusa ya kwenda hadi mahali fulani kwa mwendo fulani, na dereva huisoma kwenye skrini yake. Mawasiliano yakikatika, ruhusa mpya haiji, na treni hulazimika kusimama kabla ya kuvuka pale ruhusa ya mwisho ilipokomea. Abiria aliyesimamishwa porini usiku ana haki ya kuelezwa jambo hili.

Agosti 2023, nchini Poland, treni zipatazo 20 zilisimamishwa na watu waliorusha hewani milio mitatu ambayo redio za zamani za analogi huitambua kuwa amri ya kusimama. Redio hizo haziulizi anayeita ni nani. GSM-R huuliza, kwa sababu kila kifaa kina laini yake iliyosajiliwa, lakini nayo huweza kuzibwa na mawimbi ya jirani. Barani Ulaya, minara ya reli hutumia megahezi 921 hadi 925, na masafa ya minara ya simu za kawaida huanzia hapo hapo 925. Kifaa cha kukuza mawimbi kilichofungwa kiholela juu ya paa lililo kando ya njia kinaweza kumnyima dereva wito wa dharura, kwa hiyo anayekusudia kukinunua aulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kama kimeidhinishwa.