Besiboli: Kwa nini shabiki mpya aulize kwanza saa ya mechi?

Mtoto wa Kariakoo hachagui timu. Kabla hajajua kutembea ameshavikwa jezi ya Yanga ya babake, au mjomba amewahi na ile ya Simba. Marekani nako ni vivyo hivyo kwenye besiboli: wa Boston hurithi Red Sox, wa Saint Louis hurithi Cardinals. Kazi ipo kwa aliyeingia ukubwani, aliyeuona mchezo huu kwenye simu au kwa ndugu anayeishi kule. Mbele yake zipo timu 30 za ligi kuu, na hajaachiwa urithi wa hata moja.

Wengi hukimbilia mabingwa. New York Yankees wana mataji 27. Los Angeles Dodgers wamechukua ubingwa wa 2024 na wa 2025, na wanaye Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha mpira kama mrushaji hodari na kuupiga kama mpigaji hodari, jambo ambalo karibu hakuna mwingine analiweza. Ni sababu nzuri za kuwapenda. Ila besiboli haifuatwi kama kandanda. Msimu wa kawaida huanza mwishoni mwa Machi na kwisha mwishoni mwa Septemba, na katika miezi hiyo kila timu hucheza mechi 162, yaani karibu kila siku. Kupoteza ni sehemu ya wiki. Seattle Mariners ya 2001 ilishinda mechi 116, idadi ambayo haijawahi kupitwa, na bado ilipoteza 46. Anayesubiri furaha ya ushindi tu atakuwa amechoka kabla ya Juni.

Kwa hiyo timu ya besiboli ni ya kuishi nayo, kama redio iliyo jikoni. Na redio haina faida ikiwa inasema wakati umelala.

Hebu tupige hesabu za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mechi ya jioni ya Yankees, inayoanza saa 1:05 kwa saa za New York, kwetu ni saa 8:05 usiku wa manane. Ya Dodgers, saa 1:10 jioni kule Los Angeles, hutufikia saa 11:10 alfajiri. Hiyo inamfaa anayeamka mapema, ataona mwanzo akinywa chai na mwisho wake utamkuta njiani kwenda kazini. Lakini ipo timu moja ambayo mara nyingi huanza saa 7:20 mchana kwao, na kwetu ikawa saa 3:20 usiku, watu wamekula na watoto wamelala. Ni Chicago Cubs.

Mbona wao hucheza mchana? Kisa ni kirefu, na ndicho kilichonifanya niwapende. Uwanja wao, Wrigley Field, ulifunguliwa mwaka 1914 katikati ya nyumba za watu, upande wa kaskazini wa jiji. Mechi za usiku zilipoanza kwenye ligi mwaka 1935, timu moja baada ya nyingine ikaweka taa. Mwenye Cubs, Philip Wrigley, naye alikuwa ameshanunua vifaa ili aziwashe msimu wa 1942. Desemba 7, 1941, Japani ikashambulia Pearl Harbor, na Wrigley akatoa chuma chote kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha hakuurudia mpango wa taa. Aliamini besiboli ni mchezo wa jua. Detroit walipoweka taa zao mwaka 1948, Wrigley Field ukabaki uwanja pekee wa ligi kuu usio na taa, na ukakaa hivyo miaka 40. Baadaye majirani, wasiotaka kelele na magari usiku, wakalindwa na sheria.

Taa ziliwashwa Agosti 8, 1988, dhidi ya Philadelphia. Mvua ikanyesha, mechi ikafutwa. Kesho yake wakaifunga New York Mets 6 kwa 4, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kuwa mechi ya kwanza ya usiku. Hata baada ya hapo jiji liliendelea kuweka kikomo cha mechi za usiku, ndiyo maana za mchana zimebaki nyingi.

Saa hizo za mchana zilishawahi kuleta mashabiki wa mbali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kituo cha televisheni cha WGN cha Chicago kilirushwa kwa setilaiti nchi nzima. Mtoto wa jimbo lolote akirudi kutoka shule alikuta Cubs uwanjani, na katika miaka ya 1980 alikuta pia sauti ya mtangazaji Harry Caray. Hakuwa na ndugu Chicago, na timu yenyewe ilikuwa haijatwaa ubingwa tangu 1908. Alikuwa na muda, nao wakawa hewani. Waliokua hivyo ni kati ya waliolia Novemba 2016 Cubs walipoifunga Cleveland 8 kwa 7 kwenye mechi ya saba ya fainali, katika awamu ya kumi, ya nyongeza, baada ya miaka 108.

Kama moyo wako unamfuata mtu kuliko saa, ipo njia nyingine. Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Alivaa jezi ya Pittsburgh Pirates, na mara ya kwanza kushika gongo la kupigia akaupiga vizuri mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs hao hao. Wapo waliowapenda Pirates siku ile, nami nawaelewa.

Siku hizi mechi huchukua karibu saa mbili na dakika 40. Cubs wakishinda nyumbani, bendera nyeupe yenye herufi W ya buluu hupandishwa juu ya ubao wa matokeo ili hata abiria wa treni inayopita waione. Ukianza nao saa 3:20 usiku, bendera hiyo huwa inapanda karibu na saa 6.