Je, wajua kwa nini Ulaya ilimjibu Marekani kwa ushuru ila sisi kwenye mitumba tukarudi nyuma?

Mitumba unayoiona imejaa Mwanjelwa hapa Mbeya kuna kipindi ilikua inaelekea kuisha. 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana waipunguze mpaka 2019 isiwepo kabisa, viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wamarekani wanaouza hizo nguo wakaenda kulalamika kwa serikali yao, nayo ikaanza kuangalia upya nani anastahili AGOA, ule mpango wa tangu 2000 wa kuingiza bidhaa za Afrika kwao bila ushuru. Kenya inauza sana nguo kule ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikabaki yenyewe na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo.

Mwaka huo huo Trump akaipiga Ulaya ushuru wa 25% kwenye chuma na 10% kwenye aluminiamu, wao wakarudisha kwenye pikipiki za Harley-Davidson, jinzi na wiski ya bourbon. Hawakuokota tu, bourbon inatoka Kentucky kwa McConnell na Harley iko Wisconsin kwa Paul Ryan, wakati huo wakubwa wa chama cha Trump bungeni.

Tofauti iko wapi? Soko lao ni kubwa ndio, ila kikubwa zaidi mambo ya biashara ya nje Ulaya yanashikwa na Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, kwa niaba ya wote, huwezi kumwita Mjerumani pembeni ukamalizana nae. AGOA ilikua inapima nchi moja moja kila mwaka, kwahiyo jumuiya yetu ilivunjwa kipande kipande, kila mmoja akahesabu hasara yake.

Njia nyingine ya kumkabili mkubwa ni kuuziana wenyewe. Marekani alivyojitoa TPP, mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki, 2017, nchi 11 zilizobaki zikasaini ya kwao Chile 2018. Afrika nayo ina soko huru la AfCFTA, biashara ilianza rasmi Januari 2021.

Ila huku kwetu panauma jamani. Machi 2025 Malawi ikazuia mchele, ndizi, tangawizi na mahindi kutoka nje ikisema inalinda wakulima wake, Aprili Tanzania ikazuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini ambayo nayo ilikua imezuia ndizi zetu, na wote watatu tuko SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika! Mkulima wa mchele Kyela na wa ndizi Rungwe, soko lao la jirani liko hapo ng'ambo ya mto Songwe, mpaka wa Kasumulu ukifungwa mzigo unaozea njiani. Zuio letu liliondolewa ndani ya siku chache ili mazungumzo yaendelee, na mimi naona mazungumzo hayo yalitakiwa yafanyike kabla lori halijasimamishwa.