Peni kuukuu: mwaka peke yake hautoshi

Watu wengi wakiokota sarafu ya peni ya Uingereza ya zama za Malkia Victoria hukimbilia mwaka. Wakiona 1882 au 1895, wanadhani wameula. Hapana. Peni hizo zilipigwa kwa mamilioni, na nyingi bei yake ni ndogo. Kinachobadilisha mambo ni chuma kilichopigia chapa, yaani muhuri uliochora picha na maandishi kwenye sarafu. Vyuma vilichakaa na kubadilishwa, na kipya hakikufanana na cha zamani kwa kila kitu.

Chukua ya 1895. Geuza upande wa Britannia, mwanamke aliyeketi na mkuki wa ncha tatu. Tazama nafasi kati ya ncha za mkuki na herufi P ya neno PENNY. Kwa kawaida ni milimita 1 hivi; ikiwa ni 2, hiyo ndiyo inayosakwa. Usikadirie kwa macho, pima, au iweke kando ya picha ya ile ya kawaida.

Ya 1882 ina mtego. Nyingi zina H ndogo chini ya mwaka, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Zisizo na H ni adimu sana, na ndiyo maana wajanja huikwangua. Inamishia taa pembeni, angalia kwa kioo cha kukuzia: shaba ikionyesha mikwaruzo au kibonde mahali pale, rudisha. Herufi iliyofifia kwa kusagika mifukoni nayo hudanganya, hata muuzaji mwaminifu.

Na tafadhali, usiisugue kwa limau ili ionekane vizuri.