Mbwa wa vita si mamluki

Juzi imeletwa tena mezani kwangu. Makala ya habari kuhusu askari wa kukodiwa, na mwandishi, kijana mwenye bidii, kaandika: "mbwa wa vita hao hulipwa kwa dola." Nikakata, nikaweka "mamluki", nikamrudishia. Hazikupita dakika kumi akapiga simu: "Shikamoo mwalimu. Mbona umeikata ile? Si ndiyo maana yake? Kila mtu anajua." Nimefanya kazi ya ufasiri zaidi ya miaka ishirini, na hilo "kila mtu anajua" nimelisikia mara nyingi mno. Basi leo naandika mara moja, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Usemi umetoka kwa Shakespeare, mtunzi wa tamthilia wa Uingereza, katika tamthilia ya mwaka 1599 kuhusu kuuawa kwa Kaizari, mtawala wa Roma. Ile ile aliyotufasiria Mwalimu Nyerere mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sehemu ya tatu, onyesho la kwanza. Wauaji wameondoka, Antoni, rafiki wa Kaizari, kabaki peke yake na maiti. Anatabiri vita vya wenyewe kwa wenyewe Italia nzima, hadi akina mama wazoee kuona watoto wao wakikatwakatwa. Roho ya Kaizari, anasema, itazunguka ikitafuta kisasi, na kwa sauti ya kifalme itafanya mambo mawili: Cry 'Havoc!' and let slip the dogs of war. Yaani itapiga ukelele wa "Havoc!" na kuwaachilia mbwa wa vita.

Hakuna mamluki hata mmoja katika hotuba ile. Watakaouana ni Warumi kwa Warumi, ndugu kwa ndugu. Hakuna anayelipwa.

Mbwa ni nani, basi? Jibu bora ninalolijua limo katika tamthilia nyingine ya Shakespeare huyo huyo, ya kipindi hicho hicho, kuhusu mfalme Henry wa Tano. Mwanzoni kabisa tunaonyeshwa mfalme, na nyuma ya visigino vyake wamejikunyata watatu, wamefungwa kamba kama mbwa wa kuwinda, wakingoja kupewa kazi: njaa, upanga na moto. Hao ndio mbwa. Ni maangamizi yenyewe, wala si watu.

Sasa nije kwenye neno linaloniumiza zaidi, ambalo wengi hulipita kama hawalioni: slip, ambalo kwa Kiingereza cha kila siku ni kuteleza. Nimeshapokea tafsiri, tena ya kulipiwa, iliyosema roho ya Kaizari "itawaacha mbwa wa vita wateleze". Wateleze! Aliyeandika hivyo hajawahi kuona mbwa wa kuwinda akiachiliwa. Mimi niliona nikiwa mtoto, kwa babu yangu Dodoma, msimu ambao nguruwe pori walikuwa wakimaliza mahindi. Babu hakumfunga mbwa fundo. Alipitisha kamba kwenye pete ya ukanda wa shingoni, akaikunja, ncha zote mbili akazishika kwa mkono mmoja. Mbwa aliyeshikwa hivyo habweki. Anatetemeka mwili mzima, macho kwenye kichaka. Kisha babu akafungua kidole kimoja. Ncha moja ikachomoka, kamba ikapita kwenye pete kwa mlio mdogo kama wa kitambaa kinachochanwa, na mbwa hayupo. Kamba bado iko mkononi kwa babu. Huwezi kumrudisha tena kwa kamba ile.

Slip ni hiyo kamba, na ni hicho kitendo cha kidole. Shakespeare aliandikia watu waliojua uwindaji wa mbwa kama sisi tunavyojua mpira, na hata pale anaposema roho ya Kaizari itazunguka, neno alilotumia ni la mbwa anayenusa huku na huku akitafuta windo. Picha nzima ni ya mawindo, na katikati ya picha ni mkono. Ukisema "mbwa wa vita" ni mamluki, mkono unapotea. Macho yote yanahamia kwa mbwa, na aliyeshika kamba anaondoka zake bila kuulizwa. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba hili ni suala la maneno tu.

Na mkono huo si wa mtu yeyote tu. Havoc haikuwa neno la fujo kwa jumla, kama linavyotumika leo. Ilikuwa amri ya jeshini: ukelele wa kuwaruhusu askari wavunje safu na kupora. Ilikuwa hatari kiasi kwamba mwaka 1385 mfalme Richard wa Pili wa Uingereza, akijiandaa kuingia Scotland, alitoa kanuni za jeshi pale Durham, na mojawapo ilisema askari yeyote atakayethubutu kupiga ukelele huo atakatwa kichwa. Ndiyo sababu Antoni anataja "sauti ya kifalme". Roho ya Kaizari inatoa amri ambayo askari wa kawaida angeuawa kwa kuitamka.

Kuna wanaonijia na hoja nyingine, kwamba Warumi walikuwa na vikosi vya mbwa waliovishwa deraya na Shakespeare anawazungumzia hao. Hili nalipita haraka. Vegetius, aliyeandika kuhusu mambo ya jeshi la Roma, anataja mbwa waliolazwa kwenye minara ili wanuse adui na kubweka. Walinzi, basi. Na katika kisa maarufu cha Wagali, maadui wa Roma, kuupanda usiku mlima wa Kapitolini uliomo mjini humo, mwaka 390 kabla ya Kristo kwa hesabu ya mapokeo, mbwa walilala. Waliopiga kelele ni mabata bukini.

Basi hii maana ya "mbwa wa vita" kuwa mamluki imetoka wapi? Mwaka 1974 Frederick Forsyth alitoa riwaya iliyobeba maneno hayo kama jina, kuhusu askari wa kukodiwa wanaopindua serikali ya nchi moja ya Afrika. Filamu ikafuata 1980. Afrika ilikuwa imeshawaona watu hao kwa macho: Mike Hoare na kikosi chake Kongo mwaka 1964, halafu Bob Denard akatua Komoro 1978 na kumwangusha rais Ali Soilih. Jina likawashika. Kwa Kiswahili likashika zaidi, kwa sababu kwetu ukimwita mtu mbwa umemtukana, na kwa wengi wa pwani mbwa ni najisi. Msikilizaji wetu anasikia tusi, na tusi linahitaji mtu wa kutukanwa.

Ila tuna neno letu tayari. Mamluki limetoka kwenye Kiarabu, lina maana ya mtu anayemilikiwa, na ndilo jina la wale askari watumwa waliokuja kuitawala Misri kuanzia 1250 hadi 1517. Leo hata mchezaji mtu mzima anayechomekwa kwenye timu ya wanafunzi tunamwita mamluki, na kila mtu anaelewa. Linatosha.

Nikiri jambo linalonisumbua. Katika ile ile tamthilia ya Henry, mfalme anawatazama askari wake kabla ya shambulio, anawaambia anawaona wamesimama kama mbwa wa mbio kwenye kamba. Askari wenyewe, wanadamu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba Shakespeare asingefananisha askari na mbwa. Alifanya hivyo, tena kwa kuwasifu. Ninachosimamia ni mstari wa Antoni, na hapo sirudi nyuma.

Jambo la pili ni gumu zaidi, kwa sababu ni la kazi yangu. Tafsiri sahihi kabisa ya let slip the dogs tunayo mdomoni kila wiki: fungulia mbwa. Dakika za mwisho za mechi, geti linaachiwa, waliokosa tiketi wanaingia kwa mkupuo, na uwanja mzima unajua ni fungulia mbwa. Hakuna anayeuliza mbwa ni nani. Kuna geti, kuna aliyelifungua, kuna kishindo kisichorudishwa. Lakini nikiiweka kwa Antoni, aliyeinama juu ya maiti ya rafiki yake, nasikia watu wakicheka ukumbini. Nimejaribu "kuwaachia", nikaona inapooza. Nimejaribu "kuwakatia kamba", nikakumbuka babu hakukata chochote.

Kwa sasa daftari langu lina hivi: "Kwa sauti ya kifalme atapaza, Poreni! na kuwafungulia mbwa wa vita." Hilo "kuwafungulia" nimelipigia mstari kwa penseli, na bado sijalifuta.