Radhi ya mzazi ni nini hasa?

"Nakuachia radhi." Siku hizi maneno haya ya mzazi kumlaani mwanawe yanatoka kwa urahisi wa kutisha. Kijana wa kiume amechelewa kutuma pesa ya matumizi, anaachiwa radhi. Ameoa mke ambaye mama hakumtaka, radhi. Amekataa kuuza kiwanja ili kaka yake alipe deni, radhi tena, na safari hii kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi na binamu wote wakisoma. Wanaosikia huogopa, kwa sababu wamelelewa kuogopa, na ni nadra mtu kuuliza kama neno limewekwa mahali pake.

Radhi ni hali ya moyo wa mtu kutulia na kuridhika na mwenzake. Radhi ya mzazi, basi, ni moyo wa mzazi kuwa mweupe kwa mwanawe. Waislamu huiegemeza kwenye Hadithi ya Mtume iliyomo katika mkusanyiko wa Tirmidhi, kwamba radhi ya Mola imo katika radhi ya mzazi, na ghadhabu Yake imo katika ghadhabu ya mzazi. Mshairi Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi mnamo 1858, alimhesabia radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Kwa mtoto wa kiume zinabaki nne za mwanzo, na mbili kati ya hizo ni za wazazi. Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Ninachobishia ni matumizi.

Neno limetoka Kiarabu, na ndugu zake tunao mdomoni kila siku: kuridhika, kuridhisha, ridhaa, maridhiano, hata majina ya Radhia na Mardhia. Yote yanahusu moyo uliokubali. Ukimkosea jirani ukamwendea kumwomba radhi, unajua vizuri unachotaka: moyo wake utulie. Hapo hatukosei. Tukifika kwa wazazi ndipo tunapopotoka, tukaifanya radhi kuwa mali ambayo mzazi anaimiliki na kuigawa apendavyo, huyu apewe, yule anyimwe. Huenda kuna wanaoyumbishwa na neno kurithi, kwa kuwa wengi huandika kuridhi wakikusudia kurithi na kurithi wakikusudia kuridhi. Hayo ni maneno mawili yenye mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Urithi hugawanywa, tena kwa sheria. Moyo haugawanywi hivyo.

Kinachotolewa kwa mdomo kinaitwa baraka, na tofauti yake na radhi iko wazi katika Biblia, Mwanzo sura ya 27. Isaka ni mzee, macho yamefifia, anataka kumbariki Esau, mwanawe mkubwa, akishakula nyama ya mawindo yake. Rebeka, mkewe, anasikia. Anamvika Yakobo, mwana mdogo, nguo za Esau, anamfunga ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, anampa chakula apeleke. Mzee anampapasa. Sauti ni ya Yakobo, anasema, lakini mikono ni ya Esau. Anakula, anambusu, ananusa nguo, anabariki. Esau akiingia na chakula chake, baba anatetemeka mwili mzima, lakini neno limeshatoka na halirudi. Esau analia kwa sauti, anauliza kama baba yake alikuwa na baraka moja tu.

Baraka, basi, inaweza kuibwa. Radhi haiibiki. Yakobo alitoka chumbani mle na maneno yote ya baraka, ila moyo wa baba ulikuwa umekusudia mtu mwingine, na muda si mrefu ilimbidi akimbie nyumbani kwa kumwogopa kaka yake. Watu huishia hapo wanaposimulia. Sura ya 28 inaanza na Isaka akimwita Yakobo mwenyewe, kwa jina lake, macho yakiwa yaleyale yaliyofifia, na kumbariki upya akijua anayembariki ni nani. Mimi nikiitafuta radhi katika kisa kile, naitafuta hapo, katika baraka ya pili ambayo hakuna aliyeipangia hila.

Kinyume chake, radhi isiyotamkwa, kiko katika Luka 15. Yule mwana aliyetapanya mali amekariri hotuba njiani: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Soma kwa makini anapofika. Sehemu ya watumishi haisemwi. Baba alikwisha mwona angali mbali, akakimbia, akamkumbatia na kumbusu, na kabla hotuba haijaisha ameshageuka kuagiza vazi, pete na viatu. Hakuna mahali baba anapotamka "nimekurudishia radhi". Na yule kaka mkubwa, aliyebaki nje akikataa kuingia, anadai: miaka yote nimekutumikia, sijavunja amri yako hata moja. Anaihesabu radhi kama mshahara wa utii. Baba anamjibu kwamba siku zote wako pamoja, na kila alicho nacho ni chake. Moyo wa baba ulikuwa kwake muda wote, naye hakujua.

Hilo la utii ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ndilo linalowaumiza vijana. Husemwa kwamba mwana asiyetii kila amri hana radhi. Katika Qurani, Sura ya Luqman, aya ya 14 na 15, inaamrisha wema kwa wazazi wawili, inataja mama aliyebeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha inasema kwamba wakikushurutisha umshirikishe Mungu, usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Kutotii na wema vimekaa ndani ya aya moja. Nabii Ibrahim anafanya hivyohivyo katika Sura ya Maryam. Anakataa masanamu ya baba yake, na kila anaposema naye anaanza na "ewe babangu", mara nne. Baba anamtishia kumpiga mawe. Mwana anajibu kwa salamu na ahadi ya kumwombea msamaha.

Watetezi wa vitisho huja na kisa cha Juraiji, kilichomo katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim, na ni haki yao kukileta. Juraiji alikuwa mcha Mungu aliyejijengea mahali pa ibada. Mama yake alimjia akamwita. Alikuwa anasali, akasema moyoni: Mola wangu, mama yangu au sala yangu? Akaendelea kusali. Mama aliondoka, akarudi tena, ikawa vilevile mara tatu. Mwisho akaomba kwamba Juraiji asife mpaka aone nyuso za malaya. Baadaye mwanamke mmoja alizaa na kumsingizia Juraiji, watu wakambomolea jengo lake. Aliswali, akamgusa mtoto mchanga tumboni, akamuuliza baba yake ni nani. Mtoto akasema ni mchungaji. Watu wakataka kumjengea upya kwa dhahabu, akasema hapana, kwa udongo kama lilivyokuwa.

Sasa tazama mama huyu alitaka nini. Katika mapokezi ya Muslim, maneno yake yalikuwa: mimi ni mama yako, sema nami. Hakutaja pesa, wala kiwanja, wala hakumtaka amwache mke. Alikuja kwa miguu yake mara tatu na hakusema hata mara moja kwamba asipojibiwa ataacha radhi. Moyo uliumia kwanza, neno likafuata. Na mapokezi hayohayo yanaongeza kwamba lau angeomba mwanawe afitinike, yaani aanguke katika uovu, angefitinika. Aliomba aone tu, naye akaona, akaokoka. Hata katika uchungu wake alijizuia.

Kwa hiyo mzazi aliyekasirika na aseme amekasirika, ana haki hiyo. Mwenye shida ya fedha aseme ana shida. Anayelaani aseme analaani, ili ajisikie mwenyewe anachosema. Na wewe kijana uliyetajiwa radhi kwa sababu ya kiwanja, usikimbilie kukiuza, na usijibu kwenye kundi la ukoo. Panda basi uende ukakae na mama, useme naye.