Rangi haiponyi ukuta wa darasa

Juzi nimeulizwa tena na kikundi kinachojiandaa kuja kujitolea kukarabati shule ya msingi huku Handeni: "Fundi, tununue rangi gani ambayo haitabanduka?" Jamani, rangi hiyo haipo. Rangi inabanduka kwa sababu ukuta una maji. Mkipaka upya mnalifunika tatizo tu, na masika yatalifunua.

Wanaojitolea huja zaidi Julai na Agosti, ukuta ukiwa umekauka juujuu. Rangi inashika vizuri, picha zinapendeza, wageni wanaaga. Machi mvua zikianza, lipu inavimba palepale. Madarasa mengi ya zamani ni ya tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, na hayana nailoni ya kuzuia maji ya ardhini kati ya msingi na ukuta. Maji yanapanda na chumvi. Yakikauka, chumvi inabaki nyuma ya lipu na kuisukuma.

Kinachonikera kuliko vyote ni ule mkanda wa rangi ya mafuta unaopakwa chini ya ukuta, mpaka usawa wa madirisha. Naelewa walimu wanaupenda kwa nini: tope na alama za mikono zinafutika. Lakini rangi ya mafuta haipitishi unyevu. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda hadi juu ya mkanda, na hapo ndipo utakapoona ramani ya madoa na unga mweupe. Kisha mtu anasema mkanda ulikuwa mfupi, uongezwe! Hapana. Ukwangueni.

Kabla ya kununua ndoo hata moja, bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mkizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, mkiache mpaka kesho yake. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa.

Kazi ya kwanza iwe nje. Bati la darasa la mita 9 kwa 7 likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 1,260, na pasipo gata zote zinaangukia mguuni mwa ukuta. Fungeni gata. Chimbeni mtaro. Shusheni udongo ulioegemea ukuta hadi uwe chini ya usawa wa sakafu. Hapo nguvu za vijana, pamoja na msaragambo (kazi ya pamoja) wa kijiji, zinatosha kabisa. Mwiko wa lipu mwachieni fundi.

Kwa ukuta usio na nailoni, sina dawa kamili. Lipu ya saruji kali inafungia maji ndani. Ya chokaa inapumua, ila inataka fundi aliyeizoea na subira ya kuimwagilia, na sijui itavumilia vipi mateke ya watoto wa darasa la kwanza. Mwenye shule yenye lipu ya chokaa iliyopita masika kadhaa aniandikie, nije niione.