Kulala jangwani Oman: seredani ibaki nje ya hema

Kaskazi likishika na joto kutuelemea Unguja na Pemba, jamaa zetu Oman wao wako kwenye baridi. Ndio msimu wao wa kubeba mahema kwenda kulala mchangani Sharqiya au kupanda mlima wa Jebel Shams, na mgeni aliyetoka Wete kuwatembelea huchukuliwa pia. Mara nyingi huenda na fulana zake za kawaida, kwani jangwa analijua kwa joto tu.

Kwetu bahari na unyevunyevu wa hewa huzuia joto lisipotee usiku. Hata kipupwe cha Julai hakituumizi. Jangwani hewa ni kavu, mawingu haba, na mchanga uliokuunguza nyayo mchana hupoa upesi jua likishatua. Jebel Shams, wenye urefu wa takriban mita 3,000, usiku wa Januari huweza kushuka chini ya nyuzi 0.

Lakini sisi wa elimu ya afya tunaogopa zaidi ile dawa ya baridi ambayo watu hujitafutia. Chai imeshanywewa, makaa bado mekundu na hayatoi moshi. Mtu anaona hasara kuyaacha, anaingiza seredani hemani, anafunga zipu. Makaa hayo yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi. Aliyekwisha kulala huenda asiamke kabisa. Kuacha upenyo mdogo mlangoni hakutoshi. Chetezo cha ubani nacho kibaki nje. Wawili watatu wakiumwa kichwa pamoja ndani ya hema, tokeni nyote, kisha pigeni 9999, nambari ya dharura ya Oman.

Joto litafuteni kwenye nguo: nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, sweta la sufu, kofia, soksi kavu. Fulana iliyolowa jasho la mlimani ibadilisheni kabla ya magharibi. Tandikeni vizito, maana ardhi nayo hunyonya joto la mwili. Maji mnywe hata kama kiu haiji. Hema msilipige ndani ya wadi, yaani bonde la mto mkavu. Mvua ya milimani huleta mafuriko hata pale mlipo pakiwa pakavu. Asubuhi kung'uteni viatu, nge hupenda humo.

Na mtoto au mzee aliyekuwa akitetemeka akiacha ghafla, huku maneno yake hayashikani, msidhani amepata nafuu. Mwili unashindwa. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni mpaka kichwani, uso ubaki wazi, na mkimbizeni hospitali.